Kamera Niliyoifunga Kwenye Njia ya Maji

Nilipopata kazi ya IT katika loji moja upande wa juu wa Karatu, kule mashamba yanapokaribia kuugusa msitu wa hifadhi, baba alitaka nimweleze nitakuwa nafanya nini hasa. Yeye aliendesha trekta kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani mpaka alipostaafu, na kwake kazi ni kitu unachoweza kumwonyesha mtu kwa kidole. Nilimwambia nitatunza mtandao, kompyuta, printa na kila kitu chenye waya. Akafikiri kidogo, akauliza kama mtandao nao unaharibika mvua zikinyesha. Nikamjibu kwamba unaharibika sana. Akaridhika. Kazi inayoharibika wakati wa mvua aliielewa.

Nilikuwa peke yangu katika idara ile. Waongoza watalii waliniita "IT" kana kwamba nilibatizwa hivyo, na wapishi waliniletea redio, pasi na mara moja jiko la umeme, wakiamini aliyesomea kompyuta hashindwi na pasi. Pasi niliitengeneza. Stashahada yangu niliipata Arusha, tukiwa wasichana wanne darasani, na niliporudi nyumbani nilikuwa najiamini kuliko watu walivyopenda. Nilipanda ngazi mwenyewe, nikavuta waya juu ya dari mwenyewe, na mgeni akilalamika kwamba mtandao uko polepole nilimweleza kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba yuko ukingoni mwa kreta, hayuko kwao.

Katika mwaka wangu wa pili pale, wezi waling'oa pampu ya maji ya loji kutoka kwenye chemchemi iliyoko bondeni. Meneja, mtu mpole aliyependa kila jambo liishe upesi, akaamua tufunge kamera za ulinzi. Tulianza na tatu: langoni, kwenye maegesho, na kwenye stoo. Ya nne ilikuwa ya kuilinda pampu mpya.

Chemchemi ile haikuwa ya loji peke yake. Sisi tulivuta maji kwa pampu, na wanawake wa kitongoji waliyachota kwa ndoo, wakishuka kwa njia inayopita kando ya ua wetu. Nililijua hilo vizuri, maana nilikuwa nimepanga chumba kitongojini hapohapo, na siku bomba lilipokauka nilishuka nao. Mahali pazuri pa kufungia kamera palikuwa kwenye mkaratusi mmoja mrefu. Kutoka pale pampu ilionekana yote. Ilionekana pia njia, kuanzia kwenye kona mpaka kwenye mawe ya kuchotea.

Nilipoifungua picha kwenye skrini nilifurahi kama fundi yeyote anavyofurahia kazi yake. Ilikuwa safi, ungeweza kuhesabu mawe. Meneja alikuja, akainama, akapiga meza kwa kiganja, akasema sasa waje. Hatukusema lolote kuhusu njia, si yeye wala mimi.

Kosa jingine lilikuwa langu tangu mwanzo. Mapokezi walikuwa watu sita wanaopokezana zamu, na kila mmoja alisahau neno lake la siri kila wiki, wakawa wananipigia hata nikiwa kanisani. Nikachoka. Nikatengeneza akaunti moja ya mapokezi na neno moja la siri kwa wote sita, nikaliandika kwenye karatasi na kuibandika chini ya kibodi. Jambo hilo tulikatazwa muhula wa kwanza kabisa chuoni. Nililifanya nikijua.

Ilikuwa masika, siku ya Jumamosi. Nilikuwa saluni mjini Karatu nasukwa, na msusi wangu alikuwa anacheka peke yake huku simu iko mapajani. Akaniambia angalia hii. Ilikuwa imetumwa kwenye grupu moja kubwa la wilaya yetu, lile ambalo watu wanauza ndama, wanauliza basi la asubuhi, wanatangaza misiba na kugombana kuhusu mpira. Mtu alikuwa ameweka video fupi na chini yake muziki wa kuchekesha.

Kwenye video mwanamke wa makamo anapanda kutoka bondeni akiwa na ndoo kichwani. Udongo wetu mwekundu ukilowa huwa kama sabuni. Mguu unateleza, ndoo inaondoka, na yeye anakaa chini kwa kishindo, anaserereka hatua kadhaa na sketi inachanika kutoka kwenye pindo hadi juu. Anakaa palepale kwenye tope. Anatazama kushoto, anatazama kulia, anageuka nyuma. Akishaona hakuna mtu, anaipandisha sketi yote ajikague paja lililoumia, anasugua, anatikisa kichwa, anajicheka. Kisha anasimama, anajifunga kanga vizuri, anaokota ndoo na kurudi kuchota tena.

Alitazama pande zote isipokuwa juu.

Niliitambua picha kabla sijamtambua mtu. Kwenye pembe ya kushoto kulikuwa na tawi la mkaratusi ambalo tangu siku ya kwanza nilikuwa nasema nitalikata. Halafu nikamtambua yeye. Alikuwa mwalimu wa kwaya yetu, mama mjane, mkulima wa ngano na maharage, aliyenipokea nilipohamia kitongojini na kuniweka kwenye safu ya sauti ya pili bila kuniuliza kama najua kuimba. Nilimwita aayo, ambalo kwa Kiiraqw ni mama, na hakuna aliyeshangaa.

Msusi aliniuliza mbona sicheki. Nikasema amenibana nywele, kichwa kinauma. Akanilegezea.

Siku mbili nilinyamaza. Nalisema hili wazi kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko lile neno la siri. Nilijiambia kwamba video itapoa, kwamba hakuna anayejua ilitoka wapi, na kwamba nikisema nitapoteza kazi. Jumapili hakuja kanisani. Tulisimama kuimba, na pale ambapo yeye hutoa sauti ya kuanzia hakuna aliyeitoa, tukaanza kila mtu na yake. Baada ya ibada watu walisimama nje kwa mafungu, na mafungu mengine yalikuwa yameinamia simu.

Kwenye grupu maoni yalikuwa yamefika mamia. Wengi walicheka tu. Wachache waliuliza aliyepiga hana mama. Mmoja aliandika kwamba asiye na cha kuficha haogopi kuonekana, na watu wakampigia makofi.

Jumatatu baada ya kazi nilikwenda kwake. Nilimkuta barazani anapepeta maharage. Alinikaribisha kama kawaida, akanipa kigoda, akauliza habari za baba yangu. Sikujua nianzie wapi, kwa hiyo alianza yeye. Alisema video ameiona, mkwe wake alimwonyesha akilia. Alisema hana hasira na wanaocheka, maana hata yeye alijicheka siku ile. Kinachomnyima raha ni kutojua ni nani aliyejificha vichakani na simu. Alikuwa amewapitia vijana wote wa kitongoji mmoja mmoja kichwani mwake, na akamfikia kijana wa jirani yake wa karibu. Tangu Jumamosi alikuwa ameacha kuisalimia nyumba ile.

Hapo ndipo nilipoona ukimya wangu ulikuwa umefanya nini. Watu waliokaa kwa amani kwa miaka walikuwa hawasalimiani kwa sababu yangu.

"Aayo," nikasema, "hakuna mtu aliyejificha. Ni kamera ya lojini, iko juu ya mti. Niliifunga mimi."

Aliweka ungo chini. Akaniuliza tangu lini. Nikamwambia tangu mwaka jana, baada ya pampu kuibwa. Akauliza kama inapiga kila siku. Nikamwambia kila siku, mchana na usiku, kila anayepita. Nilidhani ataniambia niondoke.

"Wewe umesomea vitu hivi," akasema hatimaye. "Huwezi kuviita virudi?"

Nilimwambia ukweli. Nilimwambia naweza kufuta kilichoko kwenye mashine yetu, na naweza kuwaomba wenye grupu waiondoe, lakini iliyokwishaingia kwenye simu za watu haina mwenyewe tena. Ningeweza kumpa maneno matamu. Nilifikiri ameshadanganywa vya kutosha na kimya.

Akasema basi kesho nimpeleke. Alitaka kuona hicho kinachomwona.

Asubuhi tulipanda pamoja. Alivaa sketi yake ya kanisani na sweta, akajitanda kitenge. Pale mapokezi alisimama mbele ya tangazo lililowekwa kwenye fremu nzuri ya mbao, lenye mchoro wa kamera iliyokatwa kwa mstari mwekundu, akaniuliza linasema nini. Lilikuwa la Kiingereza. Nilimtafsiria: mgeni asimpige mtu picha bila kumwomba ruhusa. Meneja alikuwa amesimama nyuma yetu, akasikia.

Meneja hakupenda jambo lile. Alinivuta pembeni, akaniuliza nimemleta mtu wa nje kwenye chumba cha ulinzi kwa idhini ya nani. Nilimjibu kwamba mtu huyo amekuwa ndani ya chumba kile mwaka mzima, tofauti ni kwamba leo amekuja kwa miguu. Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Alitazama sakafu, akatufungulia mlango.

Nilimweka aayo kwenye kiti changu na kumwonyesha skrini. Ilikuwa saa ya watu kuchota. Akamwona mke wa mwenyekiti wa kitongoji anashuka, akamtaja. Akamwona binti wa jirani ambaye alikuwa hamsalimii, amembeba mtoto mgongoni, akasimama njiani na kumnyonyesha. Akaona jinsi picha inavyoweza kuvutwa karibu. Alikaa pale kama robo saa, na kadiri alivyokaa ndivyo meneja alivyozidi kuhangaika na funguo zake. Hatimaye akauliza, bila kugeuka, ni watu wangapi wanaoweza kuona hivi.

Meneja alinitazama mimi.

"Sita," nikasema. "Na yeyote waliyempa neno la siri. Mpangilio huo ni wangu na ni mbaya. Kosa ni langu."

Aayo alipoondoka nilikaa kwenye mashine ya kurekodi. Kila mtu anapochukua kipande cha video, mashine huandika saa. Akaunti ilikuwa moja, lakini saa haikudanganya, na ratiba ya zamu ilikuwa ukutani. Saa ile mapokezi kulikuwa na mtu mmoja tu, dada mmoja mchangamfu mwenye kuelewana na wageni kuliko sisi sote. Nilimwita tukazungumza wawili tu. Hakubisha. Alikuwa amemtumia binamu yake Arusha, acheke kidogo siku ya mvua. Binamu alikuwa ameiwekea muziki. Yeye mwenyewe alipoiona imerudi kwenye grupu la nyumbani alikuwa ameshindwa kula.

Meneja alitoa uamuzi wake mara moja: dada wa mapokezi aachishwe kazi, kamera ibaki, na mimi nisiandike chochote mtandaoni. Alinikumbusha kwamba kuna watu waliopata matatizo kwa kuandika mambo mtandaoni. Alinikumbusha bila vitisho, kama mtu anayekuonya kuhusu shimo barabarani. Nami nililijua shimo hilo. Kwenye grupu letu mada ikigusa siasa watu hugeuka ghafla kuwa waungwana, wanatumiana picha za maua.

Nilifikiri siku nzima. Nisingeitaja loji, kwa kuwa kazi yangu ilinidai siri na nilikubali hivyo niliposaini. Lakini mimi mwenyewe sikuwa siri ya mtu. Jioni ile niliandika kwa jina langu kamili, nikalisoma mara tatu, nikatuma:

"Video ya mama aliyeanguka haikupigwa na kijana yeyote wa kitongoji. Ilitoka kwenye kamera ya ulinzi, na aliyeifunga ni mimi. Niliielekeza mahali ambapo watu wanapita bila kuwaambia, na sikuilinda. Nimekwenda kwa mama huyo na nimemwambia. Ninawaomba muifute kwenye simu zenu, na ninaiomba familia iliyoshukiwa inisamehe."

Majibu yakaja yote kwa pamoja. Wapo walionishukuru. Wapo walioniita mmbea na mtafuta umaarufu. Mmoja aliuliza kama wanawake sasa wanaachiwa kupanda miti. Kisha akaandika mwenye grupu, mfanyabiashara wa pembejeo mjini, mtu niliyemheshimu. Alisema grupu lake ni uwanja huru, kila mtu aweke anachotaka, na kwamba akianza kufuta hiki kesho ataambiwa afute na malalamiko ya wananchi.

Hoja yake haikuwa ya kijinga. Miezi michache nyuma kuna mzee alilalamikia barabara ya kwenda Oldeani kwa maneno makali, wakataka atolewe, na mimi nilikuwa mmoja wa waliomtetea. Kwa hiyo nilimjibu kwa kumkumbusha siku ile. Nilisema mzee yule alichagua kusema, akajitaja, na angeweza kujibiwa. Mama huyu hakuchagua kitu. Alikuwa akichota maji. Uhuru wa kusema ni wa anayesema, na yeye katika video ile hakusema neno, wengine ndio waliomsema.

Alinipigia simu. Tulibishana nusu saa nzima kwa heshima, shikamoo zikiwa zimeshapita, na hakukubali. Aliniuliza ni nani atakayeamua kipi ni aibu na kipi ni habari. Nilimwambia waanze kwa kumuuliza mwenye sura. Akasema hilo halitekelezeki.

Kilichoamua hakikuwa hoja yangu. Tukiwa bado kwenye simu, kwenye grupu ulitokea mstari mdogo wa kijivu unaosema mtu fulani amejiondoa. Alikuwa mwanakwaya mwenzangu. Ukaja mwingine, mwanakwaya mwingine. Halafu mke wa mwenyekiti. Halafu wanawake ambao sikuwajua, wa vitongoji vya mbali, mmoja baada ya mwingine, hawakutukana wala kuaga. Mistari ilijaza kioo cha simu, nikaivuta juu, ikajaza tena. Hawakuwa wamepangwa na mtu, nimeuliza sana baadaye. Kwenye laini nikasikia mwenye grupu anahema. Wale ndio walionunua mbegu dukani kwake.

"Naiondoa," akasema. "Lakini sijakubaliana na wewe."

Nilimwambia inatosha, hatuna haja ya kukubaliana. Mpaka leo hatujakubaliana, na tukikutana mjini tunaendelea tulipoishia.

Kazini siku ya pili nilikuta barua ya kunitaka nijieleze. Nilijieleza kwa kurasa mbili. Niliandika kosa langu la neno la siri bila kulipaka rangi. Nikaandika pia kwamba nchi yetu sasa ina sheria ya kulinda taarifa binafsi, kwamba sura ya mtu ni taarifa yake, na kwamba njia ile si ya loji. Nikaambatanisha kurasa za sheria yenyewe, nimezipigia mstari. Meneja alizisoma mbele yangu, polepole, kidole kikifuata maneno. Akatoka nje, akasimama kwenye veranda akimpigia mwenye loji. Aliporudi aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyepunguziwa mzigo, tufanye nini.

Nikamwambia swali hilo tukamuulize mama mwenyewe.

Tulikwenda wawili kwa aayo. Meneja alikaa kwenye kigoda kilekile nilichokalia mimi, magoti yakimfika kifuani, akaomba radhi kwa Kiswahili kizuri kabisa. Aayo alimsikiliza mpaka mwisho. Alitaka kamera igeuzwe iangalie pampu tu. Alitaka wanawake wote wa njia ile waitwe waambiwe, wasisikie kwa simu. Na kuhusu dada wa mapokezi, alishangaa kusikia anaachishwa.

"Akifukuzwa ataondoka na simu yake na hasira yake," akasema. "Mleteni kwangu."

Aliletwa na shangazi yake, Alhamisi mchana, na mimi nilikuwepo kwa kuwa aayo alitaka niwepo. Alimfanya asimulie yote, tangu alipoifungua video mpaka alipobonyeza kutuma. Dada alisimulia akitazama mikono yake. Alipomaliza, aayo hakumhubiria. Alimpa ndoo, akachukua ya kwake, akanipa na mimi, tukashuka. Kwenye kona alituonyesha mahali mguu ulipoteleza. Dada akasimama pale, akainua uso, akautazama mkaratusi kutoka chini. Alikuwa ameitazama njia ile mara nyingi kwenye skrini, lakini hakuwahi kuikanyaga. Alilia hapo, na aayo akamwacha alie, akaenda kuchota.

Jioni hiyohiyo aayo alikwenda kwa jirani yake kuomba msamaha kwa kumshuku kijana wao. Alikwenda peke yake. Sikuambiwa walizungumza nini, ila kesho yake niliwaona yeye na mama wa kijana wanashuka pamoja.

Jumapili alikuja kanisani. Kuna watu waliotazamana, na kwenye benchi za nyuma nilisikia kicheko kilichomezwa. Alipita katikati, akasimama mbele yetu, akatuambia tulivyoimba wiki iliyopita tulimtia aibu kuliko video. Kisha akatoa sauti ya kuanzia, tukaipokea.

Kamera niliigeuza mwenyewe, na kipande cha picha ambacho bado kiligusa njia nilikifunika kwa rangi nyeusi kwenye mfumo, mashine isikione kabisa. Kila mtu wa mapokezi alipata akaunti yake, na aliyesahau neno la siri alikuja kulifuata ofisini kwangu kwa miguu. Video zote tukaziwekea siku saba, zikifika zinajifuta. Kule njiani tuliweka kibao kwa Kiswahili na Kiiraqw, kinachosema kuna kamera, inaangalia nini, na umuulize nani. Meneja alihofu wageni watakiona kibaya. Wageni walikipiga picha.

Niliendelea pale mwaka mwingine mmoja. Dada wa mapokezi naye alibaki, na akawa ndiye anayewafundisha wapya kuhusu nini hakitoki nje ya skrini. Hakuna niliyemwona akifundisha kwa uzito kama wake. Kisha loji ya jirani iliniomba nikague kamera zao, kisha nyingine, kisha zahanati moja iliyokuwa inahamisha mafaili ya wagonjwa kwenye kompyuta. Nikaona nimepata kazi ambayo sikuisomea: kuwauliza watu wenye mashine ni nani anayeonekana na ni nani anayeona. Niliandika barua ya kuacha kazi, nikajiajiri. Vijana wengi wa IT ninaokutana nao wanaota Dar au kuandika programu za watu wa ng'ambo, na sina ubaya na ndoto hiyo. Ila huwa nawaambia kwamba huku kwetu mashine zinafungwa kila wiki, na anayejua kuuliza maswali yangu mawili hawezi kukosa la kufanya.

Video ile haikufa. Mwaka jana mtu asiyenijua aliituma kwenye grupu la mafundi, ikiwa na muziki mpya, akisema ni nchi jirani. Safari hii sikukaa na jambo hilo hata saa moja. Nilikwenda kwa aayo nikamwambia. Alitaka kuiona. Aliitazama yote kwa makini, akaniuliza kama na mimi naona kwamba siku zile alikuwa mwembamba zaidi.

Mwezi uliopita nilikuwa Baray, kwenye joto la upande wa Eyasi, nimeitwa na kikundi cha wakulima wa vitunguu wanaogawana maji ya mfereji. Walitaka daftari lao la zamu liwe kwenye simu, na katibu wao alikuwa ameshapanga: picha ya kila mkulima, namba yake ya simu, namba ya kitambulisho, ukubwa wa shamba, vyote viwe wazi mtu yeyote avione, ili kusiwe na ubishi. Niliwauliza ni nani anayehitaji kuiona sura ya mtu ili ajue zamu yake ya maji ni Jumatano. Katibu akasema uwazi ni jambo jema. Mama mmoja aliyekaa mwishoni akasema yeye analima peke yake, na hataki kila mtu wa barabarani ajue shamba lake ni kubwa kiasi gani na namba yake ya simu ni ipi. Mwingine akambishia. Wakabishana kwa Kiswahili, kisha kila kundi kwa lugha yake, kisha wakarudi kwenye Kiswahili, mpaka uji ulipoletwa. Niliwaachia waamue wao, nikanywa wangu.

Walipomaliza walikuwa wamebakiza vitu viwili tu: namba ya shamba na siku ya zamu. Vingine vingebaki kwenye daftari la karatasi, kwenye sanduku la mwekahazina, mama yule wa mwishoni akiwa na ufunguo wa pili. Katibu alinitazama kama mtu aliyenyang'anywa kitu, akaniuliza kama mfumo mdogo hivyo una maana yoyote kweli.

Nikamwambia ni mfumo mzuri kuliko alionichorea, na utakuwa tayari Ijumaa. Nikafungua kompyuta, nikaanza kuandika.